Nani Atakaa Kwenye Gari Hili?

Kwetu siku huanza na pasi. Saa kumi na mbili asubuhi mimi huiwasha, mume wangu hufungua mlango wa duka, na cherehani huanza kulia kabla chai haijachemka. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mume wangu hukata na kushona. Mimi hupiga pasi, hushona vifungo na kupokea wateja. Mtaa mzima humwita Fundi. Hata mimi humwita Fundi, isipokuwa nikiwa na hasira. Hapo humwita Mheshimiwa, naye akilisikia neno hilo huanza kutafuta kosa lake mwenyewe.

Nyuma ya duka kuna chumba cha mama yake. Mimi pia humwita Mama, kwa sababu amenilea zaidi ya alivyonikwaza. Figo za Mama zimechoka. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, lazima aende kliniki. Huko hulala saa nne nzima huku mashine ikimsafisha damu. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, anahangaika kuvuta pumzi. Daktari alituambia waziwazi: "Matibabu haya hayarukwi."

Kwa mwaka mzima tulikuwa na bahati. Nesi mmoja wa kliniki hiyo alikuwa jirani yetu. Akienda kazini alimchukua Mama kwenye gari lake, akitoka alimrudisha. Halafu siku moja alikuja dukani kuchukua sare zake, akakaa kwenye benchi, akawa anazikunja na kuzikunjua.

"Kuna nini, dada?" nilimuuliza.

"Nimehamishwa," alisema. "Nimebakiza wiki mbili tu."

Mabasi yapo, lakini kituo kiko mbali, na Mama akitoka kwenye mashine miguu yake huwa haina nguvu, hadi asukumwe kwa kiti cha magurudumu. Teksi mara sita kwa wiki, kwenda na kurudi, ingetumaliza. Jioni hiyo Fundi hakula vizuri. Alisukuma sahani, akasema, "Tununue gari. Ile akiba ya kupanua duka itangoja."

Nilikubali. Nani angekataa? Fundi alikuwa na leseni ya udereva, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua gari. Na wiki mbili, ukiwa na hofu, huisha kama siku mbili.

Basi maoni yakaanza. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Fundi. Huyu tunamwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilolijua. Hajawahi kuwa na gari. Hata baiskeli aliazima, na mwenye nayo bado anaisubiri.

"Chukueni gari refu, la juu," alisema Profesa. "Viti saba. Rangi nyeupe. Jeupe linauzika haraka."

"Shemeji," nilisema, "tunanunua gari la kuuza au la kumpeleka Mama?"

"Mwenye akili, shemeji, hununua huku anafikiria kuuza."

Mteja mmoja aliyekuja kupunguza suruali akasikia, akadakia. "Msiguse haya magari ya kisasa yanayotumia mafuta na umeme. Betri ikifa, na wewe unaifuata kwa presha." Mteja mwingine akabisha kwamba yeye analo la aina hiyo mwaka wa nne, na kituo cha mafuta wamemsahau sura. Kinyozi wa jirani alisema injini ndogo haina nguvu. Mke wake akasema injini kubwa hunywa mafuta kama mlevi. Binti yetu, ambaye yuko sekondari, alikuwa akilinganisha magari kwenye simu. Lililomvutia kila mara ni lenye skrini kubwa kuliko mengine.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Kwetu siku zile penye wengi hata neno lenyewe halikusikika. Kila mtu alisema gari lipi ni zuri. Mimi nilikuwa naitikia wote, hata wanaopingana, na usiku nalala macho makavu.

Mama alikuwa akitusikia kupitia ukutani. Siku ya Jumatano nilimpelekea maji ya dawa. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu chini, anaitazama.

"Hizo hela si zilikuwa za kupanua duka?" aliniuliza.

"Duka lipo tu, Mama."

"Sikiliza, mkwe wangu. Mimi chumvi niliyokula inatosha. Nimewachosha. Huyo nesi akiondoka, na mimi basi. Mwambieni daktari nashukuru."

Nilisimama na kikombe mkononi. Mwishowe nikasema, "Meza dawa, Mama," nikatoka. Sikumwambia Fundi. Niliogopa. Niliona nikilitamka lile neno litakuwa kweli. Kwa hiyo nikalibeba peke yangu, nikaunguza mashati mawili ya wateja kwa siku moja.

Alhamisi mchana Fundi na Profesa walikwenda kuangalia gari lililotangazwa. Walirudi wakicheka kama watu waliotoka kuposa na wamekubaliwa. Fundi hakukaa hata chini.

"Mke wangu, tumepata! Jeupe, refu, viti saba. Na viti vyenyewe! Ungeona ushonaji wake. Mshono umenyooka, kona zimekaa, uzi haujaruka hata tundu moja. Nimepitisha kidole kuanzia mbele hadi nyuma. Mtu anayetunza viti namna ile atakuwa ametunza na injini."

"Umeliendesha?" niliuliza.

"Profesa ameliendesha. Limekwenda vizuri."

"Lilikuwa linanguruma kama simba aliyeshiba," alisema Profesa.

"Kuna mtu mwingine analitaka," Fundi alisema haraka. "Muuzaji amesema atatushikia mpaka keshokutwa Jumamosi, saa tano. Tusipofika na pesa, linaondoka. Na Jumatatu Nesi hayupo tena. Unaona mwenyewe."

Niliona. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Hofu ilikuwa imetushika mkono wote wawili, nayo ndiyo iliyokuwa ikichagua gari.

Ijumaa jioni alikuja Mama Breki kuchukua sketi yake. Mama Breki ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Aliendesha magari ya wagonjwa kwa miaka ishirini na saba. Sasa amestaafu na anafundisha watu udereva. Jina hilo alilipata kwa wanafunzi wake, kwa sababu kila somo analianza kwa kusema, "Kwenda si kazi. Kazi ni kusimama." Fundi alimweleza habari za gari huku akimfungia sketi kwenye mfuko. Alieleza viti kwanza, kisha viti tena.

Mama Breki alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama amekaa humo?"

"Bado."

"Amejaribu kupanda?"

"Bado. Lakini ni gari la juu, ataona njia vizuri."

"Mgonjwa anayetoka kwenye mashine hatafuti mandhari, Fundi. Anatafuta pa kukaa. Anainua mguu kiasi gani akiwa amechoka?"

Fundi alinitazama. Nami nikamtazama yeye. Tunaishi na Mama miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua jibu.

"Haya," alisema Mama Breki. "Gari hilo lina umri gani?"

"Miaka tisa."

"Na viti ni vipya?"

"Vimevishwa upya. Kazi safi sana."

Mama Breki aliegemea meza ya kukatia. "Wewe ni fundi. Mtu akikuletea koti la miaka tisa, bitana yake mpya kabisa, unawaza nini?"

Fundi alijibu bila kufikiri, kwa sababu hilo alilijua. "Nawaza bitana ya zamani iliharibika. Nalifunua nione palipo..."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mkono kichwani.

"Sijasema gari ni baya," alisema Mama Breki kwa upole. "Huenda mwenyewe anapenda viti vizuri tu. Nasema hujalifunua. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia si lazima gunia liwe chafu. Kesho twende wote. Msimwambie muuzaji saa. Twende mapema, na Mama twende naye."

"Kwa nini mapema?" niliuliza.

"Injini iliyolala usiku kucha haijui kudanganya. Muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika. Ikishapata moto, hata injini mgonjwa huonekana nzima. Mimi hugusa boneti kwanza. Nikiikuta ya moto, najua nimeandaliwa."

Jumamosi saa moja na nusu tulikuwa uani kwa muuzaji, tumefika kwa teksi, Mama akiwa katikati yetu amefunikwa shuka. Binti yetu alikuja, na Profesa naye alikuja. Alisema anakuja kusimamia. Muuzaji alitoka na mswaki mdomoni.

"Tulisema saa tano!"

"Samahani, ndugu yangu," alisema Mama Breki. "Mgonjwa wetu huamka mapema."

Aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Akamwomba muuzaji azungushe ufunguo nusu tu, asiwashe.

"Njooni muone," alituita. "Hizi taa ndogo hapa mbele lazima ziwake zote, halafu zizimike moja moja. Gari linajikagua. Taa inayobaki inawaka inasema kuna kitu. Na isiyowaka kabisa inasema zaidi, maana huenda mtu ameinyamazisha. Mnaiona ya mifuko ya hewa, ile inayofutuka wakati wa ajali kumkinga mtu asigonge?"

Tulitazama. Binti yetu, aliyekuwa ameinama kuliko wote, akasema, "Haijawaka."

"Balbu tu hiyo," alisema muuzaji.

"Inawezekana," alisema Mama Breki. "Washa sasa."

Injini ilikohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Mara ya tatu iliwaka, na nyuma ukatoka moshi wa rangi ya buluu, mwingi, wenye harufu ya oili iliyoungua. Nilimtazama Profesa. Yule simba wake alikuwa na kifua.

"Asubuhi kuna baridi," alisema muuzaji. Jua lilikuwa linatuchoma.

Kisha ikafika zamu ya Mama. Fundi alimfungulia mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ambako angekaa kila siku. Mama alishika mlango, akainua mguu. Haukufika. Akaushusha, akapumua, akauinua tena. Alitutazama kwa haya, kana kwamba kosa ni lake.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "hapa mtanitafutia ngazi."

Fundi alimbeba, akamketisha. Moyo uliniuma kumwona amebebwa mbele ya watu, mwanamke aliyezaa na kuzika na kulima, miguu inaning'inia. Mama Breki aliingia upande wa pili ili amfunge mkanda wa usalama. Aliuvuta. Aliendelea kuuvuta, taratibu, hadi ulipoishia karibu na sakafu.

"Fundi," alisema. "Njoo usome hapa. Hii ni kazi yako, si yangu."

Fundi aliingiza kichwa. Mkanda ulikuwa umekatwa na kuunganishwa, chini kabisa, ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Aligusa mshono. Akaukwaruza kwa ukucha. Nilimwona akibadilika rangi.

"Huu ni uzi wa shati," alisema.

Alitoa kichwa nje ya gari.

"Huu ni uzi wa shati!" alirudia, safari hii akimtazama muuzaji. "Mimi siwezi kushonea hata mfuko wa suruali kwa uzi huu. Mtu akiweka funguo tu unachanika. Na wewe unataka nimfunge nao mama yangu?"

Alishika mkanda kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu mara moja. Mshono uliachia, kip kip kip, kama vifungo vya mtu aliyenenepa.

Muuzaji alisema yeye hajui, alilinunua hivyo hivyo. Labda ni kweli. Akasema yule mteja mwingine bado analitaka. Fundi alikuwa ameshamteremsha Mama. Mama Breki alimwambia muuzaji kwa sauti ya chini lakini iliyotufikia sote: "Gari hili limegongwa sana. Mikanda hukaza na kufunga wakati wa ajali, ndiyo maana huu umekatwa. Mifuko ya hewa imeshafutuka, ndiyo maana taa imenyamazishwa. Viti vimevishwa ili tusione. Huyo mteja mwingine mwonyeshe mkanda huo. Usipomwonyesha, utalala na roho yake."

Tulirudi kwa teksi. Fundi aliushika mkono wa Mama njia nzima. Mtu huogopa zaidi baada ya hatari kupita, hasa akijua ni yeye aliyekuwa anaikimbilia.

Nyumbani alikaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Sawa, tumepona. Na Jumatatu je? Tutampeleka na nini?"

"Jumatatu siendi," alisema Mama kutoka mlangoni. "Nilimwambia mkeo. Mimi basi."

Fundi alinigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha kwa siku tatu nzima. Nikasema yote. Nililia pia, sitadanganya. Nilisema, "Mama anaona ni mzigo, na sisi tunagombana kuhusu rangi. Hatujamuuliza hata neno moja. Tumeuliza mpaka kinyozi!"

Mama Breki alikuwa hajaondoka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Fundi. "Mna shida mbili," alisema. "Ya kwanza ni Mama kufika kliniki Jumatatu. Ya pili ni kununua gari. Ninyi mmezifunga pamoja, ndiyo maana mnakimbia. Anayenunua gari huku anakimbizwa, hununua chochote kilicho mlangoni. Zifungueni. Ya Jumatatu tuimalize leo. Ya gari ipewe wakati wake."

"Tutaimalizaje?" niliuliza.

"Mama anasafishwa damu peke yake pale?"

"Hapana. Wako wengi."

"Basi hao wengine wanafikaje?"

Niseme ukweli, swali hilo halikuwahi kutupitia kichwani. Nilimpigia simu Nesi. Naye akaniambia, "Kwa nini hukuniuliza mapema? Kuna mzee seremala, zamu moja na Mama. Mwanawe humleta kwa gari kila zamu na hupita barabara yenu. Ngoja niwaunganishe." Ndani ya saa moja mambo yakawa yamekwisha. Tulikubaliana tuchangie mafuta. Mwana wa seremala alisema siti ya nyuma huwa tupu na baba yake amechoka kukosa wa kuzungumza naye.

Fundi alikwenda chumbani kwa Mama, akafunga mlango. Walikaa humo muda mrefu. Sijui walisema nini, na sikuuliza. Ila Jumatatu Mama alivaa viatu vyake.

Tulitumia wiki tano kununua gari, na nakwambia wiki hizo zilikuwa na wasiwasi wake. Kila tangazo zuri lilinishtua kwamba tukilala litaondoka. Mara mbili Fundi aliamka anataka kwenda kulipa. Mara zote mbili nilimwita Mheshimiwa, akarudi kushona.

Kwanza Mama Breki alitukataza kutaja jina la gari lolote. "Semeni kwanza nani atakaa humo, anakwenda wapi, amebeba nini." Binti akaandika. Mama, siti ya nyuma, mara tatu kwa wiki. Kiti chake cha magurudumu, kikunjwe kiingie nyuma. Safari za mjini, foleni nyingi, mlima mmoja. Hakuna siku tuliyowahi kuwa watu saba. Viti saba vilikuwa vya Profesa.

Safari hii tulimuuliza Mama mwenyewe. Fundi alivua futi ya kupimia nguo iliyokuwa shingoni mwake. Akampima akiwa amekaa kwenye kiti anachokipenda, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Akampima tena jinsi anavyoinua mguu baada ya kutoka kliniki, si kabla. Mama akacheka. "Mwanangu, unanishonea gari?"

"Ndiyo, Mama."

Vipimo hivyo vilitupunguzia kelele kuliko maoni yote ya mtaa. Magari marefu yalianguka, Mama asingefika. Magari ya chini sana nayo yalianguka. Mama aliingia vizuri kwenye moja, halafu kutoka ikawa kama kumtoa mtu shimoni. Yakabaki mawili ya kimo cha kati. Moja lilitumia mafuta pekee, la pili mafuta na umeme. Maneno ya wateja wetu yakarudi, huyu analisifu, yule anatutisha nalo.

"Wote wanasema kweli yao," alisema Mama Breki. "Mtu akikwambia gari lake ni zuri, muulize anaendesha wapi na amelitunzaje. La mafuta na umeme hufaa sana kwenye foleni. Lakini betri yake ikizeeka ni gharama, kwa hiyo hupimwa kwa mashine kabla ya kulipa, si kwa kubahatisha. La mafuta pekee ni rahisi kwa fundi wa mtaani. Msitafute lililo bora duniani. Tafuteni lililo bora kwenu, na vipuri vyake viwepo."

Tulipeleka yote mawili kwa fundi magari tuliyemchagua sisi, wala si yule aliyependekezwa na muuzaji. Betri ya lile la pili ilikutwa imechoka. Tukaliacha, ingawa skrini yake ilimtoa Binti machozi. Lile la kwanza lilikuwa na rangi ya kijivu iliyopauka na mkwaruzo mlangoni. Liliwaka asubuhi bila kukohoa. Taa zake zote ziliwaka na kuzimika. Fundi alivuta mikanda yote mitano hadi mwisho, akaisoma mmoja mmoja kama barua. Tulilinganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha gari na iliyo kwenye kadi yake ya usajili, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji. Pesa tulilipa kwa njia ya benki, karatasi zikiwa mezani. Profesa alisema kijivu hakiuziki. Tulimkaribisha chai.

Viti vyake vilikuwa vimechakaa, na hilo lilimkera Fundi kuliko kitu chochote. Alikata kitambaa, akaanza kuvishonea vifuniko. Mama Breki alipoona alimzuia mkono. Alimwonyesha lebo ndogo iliyoshonwa ubavuni mwa viti vya mbele. "Humu ndani kuna mfuko wa hewa. Ukiufunika kwa mshono wako mgumu, siku ya ajali utashindwa kutoka. Acha ubavu wazi."

Fundi aliacha ubavu wazi. Alisema ni mara ya kwanza maishani kumpa mteja kazi nusu na kujisikia vizuri.

Jumatano ya kwanza tuliliegesha mbele ya duka. Sote tulitoka nje. Fundi alifungua mlango, akainama tayari kumnyanyua Mama. Mimi nilishika shuka. Binti alishika kiti cha magurudumu. Roho yangu ilikuwa juu juu, kwa sababu futi ni futi na mwili ni mwili.

Mama alimsogeza mwanawe kwa kiwiko. Alishika mlango, akageuka, akakaa. Akainua mguu mmoja, akauingiza. Akaingiza wa pili. Akavuta mkanda mwenyewe, akaufunga, akasikiliza ulivyolia. Sisi tulikuwa tumesimama pale pale, mikono mbele, hatuna wa kumbeba.

"Mnangoja nini?" aliuliza Mama. "Twendeni. Mimi na mashine tuna miadi, na sitaki kuchelewa."